Majini Hawali Chumvi

Mwaka huu nililazwa hospitali siku mbili kwa maradhi ya nyongo, jambo dogo lisilo hadithi. Adhuhuri ya siku ya kwanza nikaletewa sinia yenye kuku wa kuchemshwa, wali mweupe na karoti mbili. Nilikuwa na njaa kwelikweli. Nikatia kipande cha kuku mdomoni, nikakuta hakina chumvi hata chembe, na nywele za mikono zikanisimama. Mimi ni mtu mzima, nina watoto watatu, nina wafanyakazi wanaoniogopa ofisini, na nilikaa pale kitandani nikikiogopa kipande cha kuku. Nikaomba sinia iondolewe. Mhudumu akaniuliza kama chakula kimeharibika, nikamwambia hapana, kizuri tu.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa hapa Maskati na mabibi waliotoka Unguja hamhitaji kuelezwa. Tulijua tangu hatujaota meno ya pili chakula kisicho na chumvi ni cha nani. Kwetu sisi kilipikwa kila Alkhamisi.

Tulikuwa tukikaa Al Amerat, wakati ambao ukimwambia mtu wa mtaa wa kitajiri wa Madinat Sultan Qaboos kuwa unakaa Al Amerat anakuuliza kama huko kuna maji. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika safu yake. Nyuma ya ukuta kulikuwa na viwanja vitatu vitupu vyenye vigingi vya chuma, kisha jabali jeusi, kavu, lisilo na mti hata mmoja. Baba alitoka baada ya sala ya alfajiri kuuvuka mlima kwenda wizarani, na hakurudi mpaka alasiri. Mchana kutwa nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, Mama, mimi niliyekuwa na miaka minane, na Bi Zuhra.

Bi Zuhra alikuwa mama mdogo wa Mama. Alikuja kutoka Unguja kutusaidia kwa miezi mitatu, akakaa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na aliwajua majini kama wanawake wengine wanavyowajua majirani zao. Hakuwaogopa wote. Wengine aliwaheshimu, wengine aliwadharau, na mmoja wawili nadhani aliwaonea huruma. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, nami nikachutama mbele yake, basi darasa limeanza.

"Rohani mstaarabu," alikuwa akisema. "Muislamu, msafi, anapenda nguo nyeupe na udi na marashi. Lakini ana wivu, akikupenda hataki uolewe. Habeshia ana maringo, wa kifalme yule, bila ya kahawa hasemi na mtu. Kibuki mlevi. Katoka Bukini, ndo Madagaska, na ulevi wake, humkaribishi mbele za wageni. Subiani ndiye wa kumuogopa, ugomvi wake na watoto. Na mzuka hana kabila wala adabu, yeye anakaa mapangoni anangoja tu."

"Na wa huku, Bi?"

Hapo alikuwa akishusha sauti. "Wa huku n'nawasikia tu, sijawazoea. Kuna huyo wanomwita Ummu Duwesi, mzuri wa uso usiseme, lakini miguu ya punda. Ndo maana hamwonyeshi mtu miguu yake. Na kuna wachawi wa huku, wakimtaka mtu wanamchukua wanakwenda naye majabalini kuwachungia mbuzi wao, na nyumbani wanaacha kitu chenye sura yake. Kinakula, kinalala, watu wanakiita kwa jina lake. Mwenyewe yuko juu huko anawaona na hawezi kupiga kelele."

Kisha anainuka kutazama mchuzi, na mimi nabaki nimekodoa macho kwenye dirisha la jiko, lililokuwa likitazama jabali.

Alkhamisi, kabla ya Baba kurudi, Bi Zuhra alikuwa akimwandalia rohani wake chano, yaani sinia la mti la chakula. Alitia kuku wa kuchemshwa, mayai, mikate ya maji na kikombe cha asali, na hakuna alichokitia chumvi. Mimi ndiye niliyekipandisha kwenye chumba kitupu cha juu ya dari, karibu na matangi ya maji. Baba hakujua. Angejua angesema hiyo ni khurafa, uzushi mtupu, tena ni dhambi. Asubuhi yake nilikwenda kukichukua na chakula kiko vilevile, kimekauka kidogo pembeni. Bi Zuhra alisema wao hula harufu. Nilimuuliza mbona hawatiliwi chumvi, akashangaa kama nimemuuliza mbona maji yanalowesha.

"Jini hali chumvi, mwanangu. Akiionja tu hakai. Hata akiwa kamvaa mtu, atatoka mbio na makelele, na mwenyewe atarudi."

Hilo nikalishika.

Halafu Mama akapotea. Nilirudi skuli siku moja nikaambiwa kaenda Barka kwa jamaa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mbili. Ukweli ni kwamba alikuwa hospitali, figo zake zimeanza kumwangusha, lakini kwetu maradhi hayakutangazwa. Watu wana vijicho, mtu akiumwa unasema kasafiri, na mtoto ndiye wa mwisho kuambiwa maana mdomo wake hauna mlango. Sasa najua jina la maradhi yale kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza cha madaktari. Wakati ule nilijua majina ya majini tu.

Aliyerudi hakuwa Mama. Sijui niseme vipi mnielewe. Uso ulikuwa mpana, umejaa, mweupe wa ajabu, na macho yaliyokuwa makubwa yamezama yakawa mistari miwili. Asubuhi ulikuwa mbaya zaidi. Sauti ilikuwa yake, harufu haikuwa yake. Nilipomkimbilia mlangoni akanizuia kwa mkono, akasema, "Taratibu, mwanangu," na Mama hakuwa mtu wa kusema taratibu. Mama alikuwa akinibeba juujuu nikiwa na begi mgongoni.

Nikaanza kuhesabu. Alikuwa amevaa soksi, soksi za Baba za rangi ya udongo, ndani ya nyumba, wakati wa joto, na hakuzivua hata kitandani. Bi Zuhra alipofukiza udi akaziba pua na kusema, "Mama mdogo, toa hiyo, inanichefua." Basi si rohani. Kahawa hakuitaka, basi si habeshia. Hakuimba wala hakulewa, kibuki hayumo. Niliwapitia wote mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, na kila niliyemtoa nilizidi kuogopa, maana waliobaki walikuwa wale ambao Bi Zuhra mwenyewe alisema hajawazoea.

Halafu ikaja sufuria ndogo. Jikoni, pembeni ya sufuria letu sote, kukawa na kisufuria cha Mama peke yake. Siku ya tatu Bi Zuhra alipogeuka nilichovya kidole nikaonja. Kuku wa kuchemshwa, bila ya chumvi.

Nakumbuka nilitoka jikoni, na kwetu jiko lilikuwa nje uani, nikaegemea ukuta uliokuwa ukiunguza kwa jua, na sikuuhisi.

Mchana ule ule, saa za kailula, watu wote wamelala na njiani hakuna hata paka, nilifungua mlango wa nyuma nikapita viwanja vitupu mpaka chini ya jabali. Saa hizo tulikatazwa kutoka. Bi Zuhra alisema wao hutembea mara mbili kwa siku, magharibi na jua la utosi, na ukisikia unaitwa saa hizo usiitike mwito wa kwanza, mtu wa kweli atakuita tena. Sikujali. Nilitaka Mama ajue kuwa mimi nimejua. Nikaweka viganja mdomoni nikaita, "Mama!"

Jabali likanirudishia sauti yangu, nyembamba, kama ya mtoto mwengine aliyeko juu. Nikangoja. Mawe yalikuwa yakitoa ule mlio mdogo yanaoutoa yakishika moto.

"Naam," ikajibu sauti nyuma yangu.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukuta na kanga begani, na zile soksi juu ya changarawe. Uso ule ulikuwa umepigwa na jua lote na haukukunja jicho.

"Unamwita nani?" akaniuliza.

"Simwiti mtu."

"Umeita Mama."

Mama wa kweli angengoja mwito wa pili. Yeye aliitika mwito wa kwanza, na aliyeitwa hakuwa yeye.

"Njoo ndani," akasema, na akanyoosha mkono. Nilipita ubavuni mwake nikibana tumbo ili nguo yangu isimguse. Niliona mkono wake umebaki hewani, kisha ukashuka.

Skuli zilikuwa zimefungwa kwa joto, na kesho yake nikaanza kazi. Ilikuwa rahisi mno, na mpaka leo urahisi wake unaniumiza. Bi Zuhra alikuwa akipakua supu ya Mama kwenye bakuli, ananiachia sinia nimpelekee, mwenyewe anakwenda kutawadha kwa sala ya adhuhuri. Mkebe wa chumvi ulikuwa kwenye rafu ya chini. Siku ya kwanza nilitia nusu kijiko, nikakoroga, nikavuka ua, nikamwekea mapajani, nikarudi kusimama mlangoni tayari kukimbia.

Akanywa kijiko kimoja, akasita. Aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikamtazama. Mikono yangu ilikuwa nyuma, na nilikuwa nimeshika kitasa. Kisha akateremsha macho akaendelea kunywa, kijiko baada ya kijiko, mpaka cha mwisho. Akaninyooshea bakuli tupu na akatabasamu na uso ule.

Nilikimbia mpaka jikoni. Nilichokielewa ni kimoja tu, kwamba limejua, na linanichezea. Siku ya pili nikatia kijiko kizima. Siku ya tatu viwili. Kila siku alisita kwenye kijiko cha kwanza, akanitazama, akatabasamu, akamaliza. Mara moja nilidhani anaimwaga supu, nikachungulia chini ya kitanda, pakavu. Nilikuwa mtoto asiyependa kushindwa, na nilimtaka mama yangu. Nilimwona akilini kila nikifumba macho, juu kule na mbuzi wa watu, anatuona tunakula na kile kitu.

Siku ya tano uso ulizidi kujaa. Siku ya sita hakuweza kulala chali, alikuwa akikaa na mito mgongoni, na kifuani mwake kulikuwa na sauti ya maji yanayochemka polepole. Bi Zuhra akawa anasoma na kutema mate pembeni. Baba alisema atamrudisha kwa daktari Jumapili. Mimi nilikuwa na furaha. Naliandika neno hilo kwa makusudi. Makelele yameanza, nilijiambia, anatoka.

Siku ya saba, adhuhuri, niliweka sinia na hakulishika. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, anavuta pumzi na haipatikani, midomo imegeuka rangi. Akaninyooshea mkono. Hakuweza kusema ila nilielewa anachotaka, nimwite mtu. Bi Zuhra alikuwa chumba cha pili juu ya mswala, hatua kumi. Nami nilisimama palepale. Nilisimama nikingoja litoke, na midomoni nilikuwa nikisema, "Nenda, nenda, nenda." Sijui nilisimama muda gani. Nimejaribu kuupima nikiwa mtu mzima, nimesimama kwenye mlango wa chumba changu nikitazama saa ukutani, na sikuwahi kuvumilia zaidi ya dakika moja.

Bi Zuhra alimaliza sala, akaingia, na ukelele alioupiga umenikaa masikioni. Jirani alikuja na gari, wakamtoa Mama wamemshika huku na huku, na soksi moja ikavuka ikabaki uani. Nikaenda kuiokota. Ilikuwa imeshika umbo la mguu wa mtu, si la kwato, na niliponyanyua kichwa niliuona mguu ukiingizwa garini, umevimba, mweupe, na vidole vyake vitano.

Alikaa hospitali siku nne, na safari hii hakuna aliyesema Barka. Aliporudi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la sebule. Akaingia akiwa amemshika Baba mkono, mwembamba, amechoka, na uso wake. Uso wake mwenyewe, na macho makubwa. Kumbe walikuwa wamemtoa maji yote mwilini, lakini mimi nilijua nani kamrudisha. Nilitoka mbio nikamkumbatia kiunoni nikalia mpaka nikapaliwa, nikisema, "Umerudi, umerudi."

"Nimerudi," akasema Mama, na mara hii hakuniambia taratibu.

Jioni ile niliwasikia jikoni. Daktari alikuwa amemwambia Baba kuwa mgonjwa kalishwa chumvi, tena nyingi. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile aliipandisha.

"Bi Zuhra, si nilikueleza? Si ulikuwepo daktari aliposema hata chembe?"

"Wallahi sikutia. Nakuapia kwa Mungu, baba. Nnampikia mbali, na kijiko chake mbali."

"Basi nani? Kuna nani mwengine anayepika nyumba hii?"

Bi Zuhra akaanza kulia. Nilikuwa sijapata kumsikia akilia. Baba akasema ni bora atafutiwe tiketi arudi kwao apumzike, utu uzima umeshaanza kumsahaulisha. Nikaenda chumbani kwa Mama nikasimama mlangoni, pale pale, na kabla sijafungua mdomo akanipigia kitanda kwa mkono. Nikapanda.

"Ile chumvi ni wewe," akasema, kwa sauti ndogo ili isitoke nje.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nnajua. Tangu kijiko cha kwanza n'naijua." Akanishika uso kwa mikono miwili. "Ulikuwa unanionea huruma, si ndiyo? Umeonja ukaona chakula cha mama hakina ladha, ukasema umtilie kidogo. N'kikutazama pale mlangoni, umesimama unaomba nile, roho yangu inakatika. Najua hainifai. Lakini siku zote zile ulikuwa hunijii, hunishiki, unanipita kama mgeni, nikasema mtoto kanichoka na maradhi haya. Kumbe unanipikia. Nikasema hata iwe sumu nitamaliza, asije akadhani nimemkataa."

Nilikuwa na miaka minane lakini hesabu ile haikuwa ngumu. Jini akiionja chumvi hakai. Huyu aliila siku sita mpaka kijiko cha mwisho na hakwenda popote. Hakuna aliyekuwa majabalini. Aliyeninyooshea mkono kwenye mlango wa ukuta nikampita kando alikuwa yeye, na aliyekosa pumzi mbele yangu alikuwa yeye.

"Ndivyo, sivyo?" akauliza Mama. Macho yake makubwa yalikuwa yakinisubiri.

"Ndivyo," nikasema.

Akanibusu kwenye paji. "Ahsante, mwanangu. Usitie tena. Baba yako nitamwambia ni mimi nilikuwa najitilia kwa uroho, atanikasirikia siku mbili basi. Bi Zuhra haendi popote."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba alikasirika siku tatu, Bi Zuhra akabaki, na Alkhamisi iliyofuata nikakataa kupandisha chano. Hakuniuliza kwa nini.

Mama aliishi na figo zake mbovu miaka mingi kuliko walivyotabiri, na mwisho alikuwa akioshwa damu mara tatu kwa wiki. Hatari ile ilipokuwa ya zamani akaanza kuisimulia, kwanza kwa Baba, kisha kwa mashangazi, kisha kwa kila mgeni. Wiki ya mwisho alimsimulia nesi wake, msichana wa Kikenya aliyempenda kwa sababu alikuwa akisema naye Kiswahili.

"Huyu unayemwona," Mama akasema akinionyesha kwa kidevu, "alipokuwa mdogo alinitilia chumvi kwa huruma, wiki nzima, nami nikaila."

"Woi!" nesi akacheka huku akirekebisha mpira wa dripu ya Mama uliokuwa umekwama chini ya mkono wangu. "Kumbe karibu umuue mama yako na mapenzi!"

Nikacheka pamoja nao. Mama alifariki siku nne baadaye. Msibani hadithi ile ilisimuliwa mara tatu na watu watatu, na kila iliposimuliwa wanawake waligeuka kunitazama kwa upole, mmoja akaja kunishika mkono akaniambia nimefanana naye.